Kusoma Sare: Jinsi ya Kutambua Kikosi cha Askari Katika Picha za Vita za Zamani

Katika nyumba nyingi za Malindi, kuanzia Shela na Barani hadi Mambrui ng'ambo ya Sabaki, ipo picha ya kijana aliyesimama wima ndani ya sare ya kaki. Ukiuliza habari zake unaambiwa, "Alikuwa Keya." Keya ni King's African Rifles, jeshi lililoundwa tarehe 1 Januari 1902. Lakini pwani jina hilo limebandikwa kila mwanamume aliyevaa kaki ya Mwingereza, awe mpiganaji, dereva, mpagazi, mhudumu wa hospitali, polisi au baharia. Wengi wao hawakuwa Keya kamwe, na kazi waliyoifanya ina jina lake na haki yake ya kukumbukwa.

Ni vyema ujue mapema kwamba sare peke yake ni nadra kukupa batalioni, yaani kile kikosi chenye namba ambacho askari aliandikishwa. Itakupa vita, jeshi, aina ya kazi na cheo. Batalioni hupatikana pale alama mbili zisizotegemeana zinapokubaliana: tarakimu ya kofiani na muhuri wa nyuma ya picha, kwa mfano, au herufi za begani na masimulizi ya bibi. Alama moja ni dokezo tu.

Kwanza, iokoe picha yenyewe

Hewa ya chumvi ya Malindi huharibu picha kuliko mikono ya watu. Picha iliyogandia kioo cha fremu usiibandue. Iache hapo hapo uipige kupitia kioo, kando ya dirisha lenye mwanga wa asubuhi, bila fleshi, simu ikiwa imeinama kidogo ili usipige kivuli chako mwenyewe. Picha iliyo huru iskani pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Ikiwa ndogo kama ya kitambulisho, nukta 1200. Hifadhi nakala ya kwanza bila kuigusa, kisha fanyia kazi nakala ya pili: ongeza mwanga, kuza, punguza weupe.

Usiifute kwa maji, usiipeleke kufunikwa plastiki kwa moto, na usiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Na usikate kingo zilizochakaa. Mara nyingi kile kipande cha bega au kiatu kilichobaki ukingoni ndicho kinachoamua.

Hakikisha picha haijapinduka

Watu huiruka hatua hii, kisha hupoteza miezi. Zamani ilikuwa rahisi negativu kuchapwa kinyume, kushoto ikawa kulia. Tazama vifungo: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilalia wa kulia. Tazama nishani: huvaliwa kifua cha kushoto. Kama kila kitu kiko upande usiostahili, pindua nakala yako kwenye simu kabla ya kusoma chochote. Utaona chini kwa nini jambo hili lina uzito hasa kwa tarakimu.

Vita gani? Anzia miguuni

Macho hukimbilia usoni na kwenye kofia. Yashushe. Askari wa Keya wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida alikuwa pekupeku au na ndala, akiwa na kaptura na vitambaa vilivyozungushwa kwa nguvu kutoka kifundo hadi chini ya goti. Askari wa Vita vya Pili, hasa aliyepelekwa Bama (Burma, leo Myanmar), alivaa buti. Ukiona vitambaa virefu na nyayo tupu, anza na miaka ya 1914 hadi 1918. Ukiona buti, soksi na mkanda wa turubai, anza na miaka ya 1939 hadi 1945. Huu ni mwanzo tu, kwa sababu kwenye gwaride la wakati wa amani nyayo tupu ziliendelea kuonekana muda mrefu.

Kisha panda kichwani. Kofia ya kaki ya duara, fupi, yenye kitambaa kinachoning'inia kufunika shingo, ni ya Keya wa vitani katika vita vya kwanza na miaka ya kabla yake. Tarbushi ndefu pamoja na mshipi mpana kiunoni ni sare ya gwaride, nayo ilidumu hadi uhuru, hivyo haikupi mwaka. Kofia pana ya kitambaa kizito, ukingo umepandishwa upande mmoja, ni ya Vita vya Pili.

Silaha husaidia kidogo. Bunduki ya Lee-Enfield ilitumika katika vita vyote viwili, kwa hiyo haitenganishi kitu. Ila ukiona bunduki ya rashasha ya Bren, yenye kasha la risasi lililopinda likichomoza juu, hapo haiwezi kuwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1930.

Jeshi gani? Hakuwa lazima wa Mwingereza

Askari wa Mjerumani aliyekuwa Tanganyika alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, mara nyingi na alama ya tai mbele, na mkanda wa ngozi wenye vifuko vya risasi tumboni. Tepe zake za cheo zilikuwa nyekundu na zilikaa mkono wa kushoto tu. Tepe za Mwingereza kwa kawaida zilikaa mikono yote miwili. Tofauti hii ya mkono mmoja na miwili ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa kuwa huonekana hata picha ikiwa imefifia. Na usishangae ukipata picha mbili za mtu mmoja katika sare mbili za maadui: mwaka 1917 Keya waliunda kikosi cha 6 kwa kuchukua askari wengi waliokuwa wa Mjerumani.

Askari wa Muitaliano kutoka Somalia na Eritrea alivaa tarbushi ndefu yenye kishada, na mshipi kiunoni. Rangi za kishada na mshipi ndizo zilizotenganisha batalioni. Malindi yenyewe ilipigwa mabomu na ndege za Kiitaliano tarehe 24 Oktoba 1940, na picha za mateka na za kununuliwa zilizunguka sana baada ya kampeni ya 1941. Kwa hiyo sanduku la familia ya Malindi kuwa na picha ya askari wa Muitaliano si ajabu, wala si ushahidi kwamba babu alipigania upande ule.

Beji ya mtende au mnazi huwapoteza watu wa pwani kuliko beji nyingine yoyote. Mtu akiona mti ule kofiani husema, "Huyu wa kwetu huyu." Hapana. Ni beji ya vikosi vya Afrika Magharibi: Nigeria, Gold Coast (leo Ghana) na jirani zao. Askari wa Gold Coast walifika Afrika Mashariki mwaka 1916, na katika Vita vya Pili brigedi za Nigeria na Gold Coast zilipita Kenya kwenda kupigana Somalia na Habeshi (Ethiopia). Mwenye beji hiyo huenda alikuwa rafiki aliyempa babu picha ya kumbukumbu, jambo lililokuwa la kawaida sana kambini.

Wapo pia Waarabu wa Wavell. Mwaka 1914 Mwingereza aliyeitwa Arthur Wavell aliunda kikosi cha Waarabu wa pwani, wengi wao Wahadhrami, wakapigana kusini ya Mombasa. Yeye aliuawa karibu na Mwele Januari 1916. Ukoo wa Kihadhrami wenye picha ya babu na bunduki usiharakishe kusema Keya.

Tarakimu ya kofiani

Hapa mtu aliyepita madrasa ana faida kubwa. Batalioni za Keya zilivaa namba zao kichwani kwa tarakimu za Kiarabu au za Kirumi, kwanza zikiwa zimekatwa kwa kitambaa cha rangi, baadaye za madini. Beji ya Keya ni baragumu, na mara nyingi namba hukaa katikati ya kamba zake. Kuza hapo mpaka chembe za picha zianze kuonekana, kisha rudi nyuma kidogo.

Mitego yake ni hii. ١ ya Kiarabu na I ya Kirumi hazitofautiani, na kwa bahati zote ni moja. ٢ na ٣ hutenganishwa na jino moja tu, na mkwaruzo mmoja kwenye picha hutosha kuongeza jino lisilokuwepo. ٥ ni duara. Asiyejua Kiarabu husema ni kifungo au sifuri. ٦ hufanana na 7 ya magazeti. ٧ hufanana kabisa na V ya Kirumi, ambayo ni tano: askari wa batalioni ya 7 anageuka wa 5 kwa kusoma vibaya tu. Sasa ongeza picha iliyopinduka. ٤ ikipinduliwa huwa 3 ya kizungu, wazi kabisa. ٢ ikipinduliwa huikaribia ٦. IV ya Kirumi ikipinduliwa husomeka VI. Ndiyo maana vifungo na nishani vilitangulia.

Ukishaipata namba, ipeleke kwenye nchi yake. Batalioni ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Ya 3 ilikuwa ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Ya 5 ikawa ya Kenya tangu Vita vya Kwanza. Ya 6, ile ya 1917, ikawa ya Tanganyika, ingawa kabla ya hapo namba hiyo hiyo ilikuwa ya Somaliland. Ya 7 iliundwa 1917 kwa msingi wa askari wa Unguja. Namba hueleza kikosi kiliundwa wapi, haielezi kijana alizaliwa wapi. Mtu wa Mambrui aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam aliweza kuandikishwa huko.

Kufikia mwisho wa Vita vya Kwanza Keya walikuwa wamepanuka hadi batalioni 22 ndani ya regimenti 7, yaani makundi ya batalioni. Ndiyo maana karatasi za wakati huo huandika 2/3: batalioni ya pili ya regimenti ya tatu. Kofia ikikuonyesha ٣ peke yake umepata regimenti, bado hujapata batalioni. Andika hivyo hivyo.

Vita vya Pili vilileta namba kubwa zaidi, na namba 11 ndiyo inayochanganya kuliko zote. Ilikuwepo batalioni ya 11 ya Kenya, na ilikuwepo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake zilikuwemo batalioni za Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland pamoja na madereva, wahandisi na madaktari. Alama ya divisheni ilikuwa kichwa cha kifaru, iliyovaliwa mkononi karibu na bega. Kifaru hukuambia kwamba mtu huyu alikwenda Bama na divisheni ile iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Hakikuambii batalioni yake. Mzee akisema, "Nilikuwa wa kumi na moja," swali linalofuata ni: kumi na moja ipi?

Begani na mikononi

Ukingoni mwa bega huwa na herufi za shaba au za kitambaa. K.A.R. ni Keya. Zikianza na E.A. (East Africa), basi unaingia kwenye vikosi vingine vya Afrika Mashariki ambavyo familia nyingi zimevisahau. EAASC walikuwa watu wa usafirishaji na chakula, madereva wengi wakiwa humo. EAAMC ni hospitali. EAE ni wahandisi, wajenzi wa barabara na madaraja. EAA ni mizinga. EAMLS ni vibarua wa jeshi. Picha ikiwa haisomeki, hesabu urefu wa mstari wa herufi: tatu hukaa fupi katikati ya bega, tano hulijaza. Hii haitoshi kutaja kikosi, lakini hutosha kuondoa baadhi.

EAA nina neno nayo. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, watu 1,297 wakafa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kama familia inasema kijana "alipotea baharini", tazama bega lake kwa makini sana.

Tepe moja ni lansi koplo, mbili koplo, tatu sajini, ncha zikielekea chini. Tepe zinazokaa karibu na kifundo cha mkono wa kushoto, ncha juu, si cheo. Ni za mwenendo mwema. Mstari mdogo wa wima sehemu hiyo hiyo ni alama ya kujeruhiwa, iliyoanza 1916.

Baharia ni rahisi kumtenga: kofia ya duara yenye utepe wa herufi. Mombasa ilikuwa na kikosi cha akiba cha wanamaji cha Kenya tangu 1933, na vijana walioijua bahari walihitajika. Usivunjike moyo ukikuta utepe una H.M.S. tu: wakati wa Vita vya Pili jeshi la majini la Uingereza liliondoa majina ya meli kwa ajili ya usiri.

Na polisi, askari jela na askari wa utawala walivaa tarbushi, kaptura na jezi zilizokaribia sana za jeshi. Bila beji au herufi, usiseme jeshi.

Rangi zinadanganya

Filamu nyingi za zamani hazikuiona nyekundu. Kitu chekundu kilitoka cheusi, na cha buluu kilitoka cheupe au kijivu hafifu. Kwa hiyo tarbushi nyeusi pichani inaweza kuwa nyekundu kabisa, na Keya walivaa zote mbili. Kuanzia miaka ya 1930 filamu zilizosoma rangi zote zikaenea, lakini studio ndogo ziliendelea na za zamani. Usitaje rangi kwa kutazama kijivu, na epuka kabisa programu zinazotia rangi picha: hizo hukisia, kisha wajukuu huamini.

Nishani

Nyota yenye ncha nne na panga zilizopishana ni ya 1914–15. Nyota zenye ncha sita ni za Vita vya Pili. Ya Afrika na ya Bama ndizo za kutarajiwa. Kama nishani yenyewe ipo sandukuni, itoe utazame ukingo wake: medali ya fedha ya Vita vya Kwanza huchongwa namba, cheo, jina na kikosi pembeni, na hapo kazi yote ya sare inaweza kuisha kwa dakika moja. Nishani za Vita vya Pili walizopewa askari wa Keya hazikuchongwa majina. Usiisugue kwa ndimu wala majivu. Mchongo ule ni mwembamba.

Wasiokuwa na sare

Wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale wa Kariakoo (Carrier Corps), ndio waliokuwa wengi kuliko wapiganaji, na ndio wasioonekana. Hawakuwa na beji. Walitambulishwa kwa kisahani cha madini chenye namba, kilichofungwa shingoni au mkononi. Katika picha ya kundi la askari, kuza wale waliosimama nyuma au waliokaa chini ukingoni, utafute doa linalong'aa kifuani. Huenda mtu wa familia yako ndiye yule, wala si yule wa katikati mwenye bunduki.

Kuuliza wazee

Picha haisomwi bila watu. Usianze na "alikuwa regimenti gani?" Ukishaamkia na kukaa, uliza mambo ambayo mtu hukumbuka: "Bibi, alipanda meli wapi? Alitaja Bama, Habeshi au Madagaska? Alirudi na kitu gani? Alijifunza kuendesha gari huko?" Aliyerudi akawa dereva wa lori huenda alikuwa EAASC, aliyejua kufunga vidonda huenda alikuwa EAAMC. Akitaja Majunga, fikiria kampeni ya Madagaska ya 1942. Colombo au Kandy nyuma ya picha hukupeleka kwa vikosi vilivyokusanywa Ceylon (leo Sri Lanka) kabla ya Bama.

Ukienda Magarini au upande wa Jilore, nenda kwa adabu zaidi. Agosti 1914 Keya waliletwa kuwapiga Wagiriama waliokataa, pamoja na mambo mengine, kutolewa vijana wao kwenda kubeba mizigo ya vita. Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Katika nyumba kadhaa sare ile si fahari ya ukoo, na mzee ana haki ya kukaa kimya.

Kumbuka pia kwamba studio ziliazima mavazi. Kofia na koti vinaweza kuwa vya rafiki. Dalili yake ni koti linalopwaya mabegani, au wanaume wawili katika picha mbili tofauti, pazia moja la nyuma, na kofia ile ile yenye kovu lile lile.

Kupeleka swali kwenye nyaraka

Ukiwa na vita, jeshi na kikosi kinachowezekana, nenda kwenye majina. Kwa waliofariki, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC) ina orodha inayotafutika mtandaoni bila malipo. Jaribu tahajia nyingi, maana karani aliandika Mohamed, Mahomed na Muhamadi kwa mtu mmoja, na Karisa akawa Kalisa. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Nairobi. Ya Uingereza iko Kew, London: kadi za nishani za Vita vya Kwanza zimo kwenye fungu la nyaraka WO 372, na shajara za vikosi zimo kwenye WO 95 kwa Vita vya Kwanza, WO 169 kwa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili, na WO 172 kwa Bama. Shajara mara chache hutaja askari wa kawaida kwa jina, lakini hutaja kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hapo ndipo muhuri wa nyuma ya picha unapopata maana.

Andika ulichokipata kwa ngazi tatu: kinachoonekana, kinachoelekea kuwa, na kinachosimuliwa. Kwa mfano: "Inaonekana: kofia pana, buti, tepe mbili kila mkono, kichwa cha kifaru begani. Inaelekea: koplo wa Divisheni ya 11, kati ya 1943 na 1946, kikosi hakijajulikana. Inasimuliwa na bintiye: alikuwa dereva." Anayekuja baada yako na nishani au barua ataweza kuendelea kutoka hapo bila kubomoa kazi yako.

Karatasi hiyo iandike kwa penseli, uiweke pamoja na picha ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaotunza jasho. Nakala ya skani mpe angalau ndugu mmoja anayeishi mbali na bahari.